Siku Arobaini za Kuitika Mara Mbili

Mama ana mfuko mmoja wa plastiki, zamani ulikuwa mweupe, sasa una rangi ya chai, na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuuosha wala kuutupa. Tulipanda nao ndege kuja Sydney, yeye kaukumbatia kifuani kana kwamba utaibwa. Ndani yake zinakaa karatasi ambazo, kwa maoni yake, zinaweza kuulizwa siku yoyote na mtu yeyote mwenye meza. Wiki iliyopita alinituma nimtafutie cheti cha chanjo, nikaumwaga wote. Kwanza ilitoka harufu: plastiki kuukuu, moshi wa kuni kwa mbali, na ndagala, kwa sababu kwa miaka mingi mfuko huo umekaa kabati moja na samaki wakavu. Nikazihesabu karatasi. Kumi na tisa. Nikazihesabu tena, kumi na tisa. Ya kumi na nane ilikuwa kadi yetu ya mgao ya kule kambi ya wakimbizi Kigoma. Ya kumi na tisa ilikuwa imekunjwa ndani ya hiyo kadi kama mtoto mgongoni, na juu yake pameandikwa kwa wino wa shule: mambo watakayojifunza wanafunzi wa mwaka wa kumi muhula huu.

Nilikaa chini. Cheti cha chanjo kikasubiri.

Ninyi mliosoma sekondari wakati ule mnaujua ule muhula. Watu wa Blacktown na vitongoji vya jirani tulifungiwa majumbani kuliko wengine, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya paa kana kwamba sisi ndio tuliokitengeneza kirusi cha korona. Shule ilituma karatasi mbili kwa posta, yangu ya mwaka wa nane na ya dada yangu Furaha ya mwaka wa kumi. Yangu imepotea. Nakumbuka kwamba sayansi ilikuwa seli, hisabati ilikuwa asilimia na uwiano, jiografia ramani na vipimo vyake, na teknolojia ya chakula ilitaka tupike chapati za maji kisha tuzipige picha, kazi ambayo Bibi alisema si somo, ni Jumamosi. Ya Furaha ilikuwa na mambo ya wakubwa: vinasaba, trigonometria, historia ya watu waliodai haki zao, na tamthilia ya kale ambamo watu wanachomana visu huku wakiongea kwa mashairi.

Mama aliisoma ile karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuwaogesha wazee, maana alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: inua mkono, geuka, pole pole, umemaliza? Alipofika chini, kwenye mstari unaosema kila mwanafunzi ataitwa jina mtandaoni kila asubuhi saa tatu kasorobo, akasimamisha kidole.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo penyewe."

Mimi nilikubaliana naye kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua mambo mawili kwa hakika: bei ya kwanza si bei, na siku ya kuhesabiwa lazima uwepo. Kambini siku hiyo ilitangazwa kwa kipaza sauti. Mnaamshwa gizani, mnaogeshwa kwa maji baridi, mnapangwa mstari kwa ukubwa, na mtu mwenye fulana na faili anakuja anawatazama usoni, anatazama kadi, anatazama tena usoni. Aliyepo anatiwa wino kidoleni. Asiyekuwepo anakatwa, na akikatwa unga wake unakatwa, mafuta yake yanakatwa, na hata safari ya kuhamia ng'ambo, kama jina lilikuwa kwenye orodha ya safari, inaweza kurudi nyuma mpaka isionekane.

Kwa hiyo watu walikopeshana watoto. Mwenye mtoto aliyekwenda kulima nje ya kambi anaazima wa jirani, wa umri huohuo, kwa nusu saa. Mimi niliazimwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa Esta wa Mzee Paulo, nikaulizwa jina, nikasema Esta bila kupepesa, na Mzee Paulo akanipa kipande cha muwa. Nilirudi nyumbani na sifa kama mtu aliyetoka Ulaya.

Sasa weka hilo pembeni, twende Quakers Hill.

Mama Mdogo Neema, mdogo wake Mama aliyeishi huko, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kwanza, wa kiume. Mumewe alifanya kazi kwenye ghala moja kule Smithfield, zamu ndefu, na hakukuwa na mtu mwingine. Kwetu mwanamke aliyezaa haachwi peke yake siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kitenge, anapikiwa uji wa mtama wenye tangawizi, anakatazwa kuinama, anakatazwa kulia, anakatazwa hata kufungua friji akiwa peku. Mama hakuweza kwenda, kazini walimwambia achague, wazee au mtoto mchanga. Bibi alikuwa na magoti yake. Akabaki Furaha, miaka kumi na sita, mikono mirefu, mwenye subira ya kuchemsha maharage.

Jambo likaamuliwa jikoni kwa dakika nne. Kilichonisumbua mimi ni kilomita. Serikali iliruhusu tano tu. Nilipima kwa barabara nikapata sita na kitu, nikapima tena, sita na kitu. Ndipo nikakumbuka somo la jiografia, nikachukua rula, nikapima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, juu ya mapaa na reli, nikapata tano kamili ukianzia kwenye pipa la takataka la jirani. Mama akaniambia kwenda kumhudumia mgonjwa kunaruhusiwa popote, niache kelele. Lakini nilimpa Furaha ile karatasi ya hesabu aiweke mfukoni, ikiwa atasimamishwa.

"Na shule?" Mama akauliza.

"Nitawaandikia kuomba ruhusa," Furaha akasema.

Nilisubiri Mama aondoke. "Usiandike," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ukiwaambia haupo, wataandika haupo. Hujawahi kuhesabiwa wewe?"

Furaha aliitazama ile karatasi ya muhula. Mwezi uliofuata alitakiwa kuchagua masomo ya mwaka wa kumi na moja, na alichotaka duniani kilikuwa baolojia. Mwalimu wa sayansi ndiye angesema nani anafaa na nani hafai. Karatasi ilisema wazi kwamba mahudhurio yatatazamwa.

"Kwa Mama Mdogo hakuna intaneti," akasema taratibu. "Simu yake ni ya kupiga tu, kioo kimekufa."

"Niachie simu yako. Nitaitika wewe. Nitaandika kazi zako. Siku arobaini."

"Wewe? Ya mwaka wa kumi?"

"Vyombo miezi miwili, utaosha wewe."

"Mwezi mmoja, na usinitie kichefuchefu."

"Wiki sita, na kulala upande wa dirishani."

"Chukua. Lakini ukiniletea alama za ovyo, Zawadi, nakunyoa ukilala."

Ndivyo nilivyoazimwa mara ya tatu.

Kila asubuhi nilikaa mezani na laptop ya shule mbele yangu na simu ya Furaha imeegemea chupa ya mafuta. Saa tatu kasorobo ninaitika mara mbili, kamera zimezimwa. Kwenye laptop mimi ni Zawadi. Kwenye simu ninakohoa kidogo ninakuwa Furaha. Bibi alikuwa kwenye sofa, rozari mkononi, anatazama kama anatazama mpira.

"Ya pili ifanye nzito," akanishauri siku ya tatu. "Ule dada yako anaongeaka kama mutu amekula."

"Hivi, Bibi?"

"Hivyo. Ongeza ugali."

Mchana wote nilihama kutoka mwaka wa nane kwenda wa kumi na kurudi. Nilijifunza ukuta wa seli, kisha nikajifunza kilichomo ndani ya kiini chake, kama mtu aliyeingia nyumba kupitia dirishani. Trigonometria ilinishinda wiki nzima, mpaka nilipogundua kwamba ni hesabu ya ngazi na ukuta, na ngazi naijua. Kwenye historia niliandika kurasa mbili juu ya watu waliokataa kukaa viti vya nyuma, nikapata alama nzuri kuliko zote zangu, ila hazikuwa zangu. Nilimpigia Furaha adhuhuri nimpe habari.

"Umepata themanini na nne kwenye historia."

"Nimesema nini?"

"Umesema mtu akinyimwa kiti ana haki ya kuuliza bei ya kiti."

"Mungu wangu." Nyuma yake mtoto alikuwa analia na maji yanachemka. "Na mimi leo nimemwogesha bila kumtia maji masikioni. Mama Mdogo ameweza kukaa. Jana alilia, leo hajalia."

Sikuelewa kwa nini ananiambia hayo. Hayakuwa kwenye karatasi.

Siku ya ishirini na tano mwalimu wa sayansi wa mwaka wa kumi, ambaye sote tulimwita Miss tu, alitoa kazi kubwa ya muhula. Kila mwanafunzi achore watu wa ukoo wake, wanaume kwa miraba, wanawake kwa duara, aonyeshe nani anaweza kukunja ulimi kama mrija na nani hawezi, kisha aeleze tabia hiyo imepita wapi. Nilifurahi. Hatimaye wameuliza kitu ninachokijua. Nilikagua ulimi wa Bibi, unakunjika. Wa Mama, alipotoka kazini na alama za barakoa mashavuni, haukunjiki. Wangu unakunjika. Waliokufa, Babu na Baba, niliwachukua kwa kumbukumbu za Bibi, ambaye aliapa ulimi wa Babu ulikunjika kwa kila kitu isipokuwa kusema ukweli. Waliobaki niliwauliza kwa simu.

"Mama Mdogo anakunja," Furaha akasema. "Baba Mdogo hakunji. Mimi nakunja. Na mtoto nadhani anakunja, nimemwona akipiga miayo."

"Huyo simhesabu."

"Kwa nini?"

"Ana wiki tatu na kitu. Hajaandikishwa popote."

"Haya, mheshimiwa," akasema, akakata simu.

Hatukuwa na karatasi tupu nyumbani, nikageuza ile karatasi ya muhula, nikachora nyuma yake. Nilitengeneza ile michoro ya miraba na duara, lakini kwa jicho langu ilikuwa imetawanyika mno, huwezi kuhakikisha hesabu. Basi chini yake nikaongeza jedwali kama nilivyozoea kuliona, kama la kwenye kadi: namba, jina, me au ke, ulimi, na mwisho safu ya yupo au hayupo. Nikaijaza kwa Kiingereza safi. Babu na Baba, marehemu. Bibi, Mama, mimi, tupo. Mama Mdogo na Baba Mdogo, kwao, Quakers Hill. Namba saba, juu yangu mimi wa nane, Furaha.

Hapo mkono haukusita hata kidogo. Niliandika: hayupo.

Nilihesabu, wanane. Nikahesabu tena, wanane. Nikapiga picha, nikaituma kwa jina la Furaha.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilichelewa kucheka kwa miaka kadhaa. Mtu aliyeongopa kila asubuhi kwa sauti mbili hakuweza kuweka uongo kwenye jedwali, kwa sababu jedwali ni jedwali.

Simu ya nyumbani ililia siku ya ishirini na saba, saa nane mchana. Mama alikuwa kazini. Nilipokea.

"Naomba kuongea na mtu mzima," Miss akasema. Nilimtambua kwa kupumua. "Wewe ni Furaha?"

"Mimi Zawadi. Yupo Bibi, lakini hajui Kiingereza. Mimi huwa natafsiri."

Ilikuwa kweli. Benki, daktari, umeme, kote huko nilikuwa ulimi wa nyumba. Nikampa Bibi upande mmoja wa simu, nikakaa katikati, na kwa dakika mbili niliweza kuamini kwamba nitatoka salama.

"Mwambie nina wasiwasi kuhusu Furaha. Kwenye kazi yake mwenyewe ameandika kwamba hayupo nyumbani."

"Bibi," nikasema, "mwalimu anakusalimia. Anasema Furaha anasoma vizuri."

Bibi alinitazama. "Mwalimu anasema maneno marefu hivyo, wewe unanipa mafupi hivyo? Mengine umeweka wapi?"

Sijui Miss alisikia nini. Alisema tu asubiriwe kidogo, na mlio wa muziki ukaanza. Nilijua muziki ule. Niliwahi kuusikia benki. Muziki ule maana yake wanaleta mtu wao.

"Shikamoo, mama," sauti ya mwanamume ikasema. "Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri yote yatakayosemwa, bila kupunguza wala kuongeza."

"Marahaba, baba," Bibi akasema, akajiweka sawa kwenye sofa, akanisukuma kwa kiwiko. Alifurahishwa na kile Kiswahili cha kunyooka kama shati lililopigwa pasi.

Swali likaja: Furaha yuko wapi? Niliinua mikono yote miwili kumwomba Bibi asiseme. Nilifikiri juu ya fulana na faili. Nilifikiri baolojia imekwenda, na nyuma ya baolojia niliona wazi kabisa jina la Furaha linakatwa, kisha letu sote, kisha ndege, safari hii ikielekea kule tulikotoka, Mama na mfuko wake kifuani.

"Mwambie mwalimu," Bibi akasema, "mutoto wangu amezala. Alipasuliwa. Mwanamuke akizala, kwenu munamuachaka peke yake?"

Mkalimani akatafsiri. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Hapana," Miss akasema. "Mimi nilipojifungua alikuja mama yangu." Kisha akauliza, "Zimebaki siku ngapi?"

Bibi hakujua. Nilijua mimi. "Kumi na tatu," nikasema kwa Kiingereza, na hapo hapo nikajua nimejiuza, kwa hiyo nikaona heri nipate bei. "Miss, Furaha hana kosa. Mimi ndiye niliyemkataza kuomba ruhusa. Kama kuna mtu wa kukatwa, mnikate mimi. Mimi ni wa mwaka wa nane tu, hata hasara si kubwa."

"Kukatwa nini?"

"Kwenye orodha. Ya asubuhi."

Ilichukua muda kumweleza. Nilimweleza kambi, wino, Mzee Paulo na muwa. Mkalimani alisahau kazi yake, nikamsikia akisema "eeh" kwa Kiswahili. Nilipomaliza, Miss alisema kwa sauti ya taratibu kwamba mtu asipoitika asubuhi, shule inapiga simu nyumbani kuuliza kama ni mzima.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Nilimwuliza tena. Basi. Nilimwamini kama nusu, nusu nyingine niliiweka akiba.

Hakutuachia bure, msidhani. Kazi zote nilizofanya kwa jina la Furaha zilifutwa, hata themanini na nne ya historia. Nilijaribu kuiokoa hiyo moja, nikakataliwa. Shule ikampa Furaha ruhusa ya siku kumi na tatu kwa maandishi, jambo ambalo, kumbe, wangempa arobaini nzima kama angeomba siku ya kwanza. Mtu wa shule akamwachia bahasha za masomo mlangoni Quakers Hill. Akirudi, angekuwa na wiki tatu za kufanya kazi kubwa zote upya, na hapo ndipo Miss angeamua juu ya baolojia. Mama alipopata habari alinipiga kwa macho tu, lakini alinipiga muda mrefu.

Mkataba wetu, Furaha aliuvunja kwa simu. "Vyombo utaosha wewe," akasema. "Na dirisha ni langu mpaka uolewe."

Alirudi siku ya arobaini na moja, Baba Mdogo alimshusha barabarani akapunga mkono kutoka garini. Alikuwa amekonda, ananuka tangawizi na maziwa, na alitembea kama mtu mzima anayejua vitu vyake viko wapi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, mafupi, yenye nafasi ya mapatano. Hakunipa nafasi. Alinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akakaa mezani, akasema, "Lete hiyo karatasi niione."

Nilimletea. Aliusoma mchoro, akalisoma jedwali. Alipofika namba saba aliguna, nikadhani sasa ninanyolewa.

"Umekosea hesabu," akasema.

"Sikosei hesabu. Nimehesabu mara mbili."

"Hesabu tena."

Nikahesabu. Wanane. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akimtazama, nadhani, mtoto anayekataa kunyonya. Kisha akachukua kalamu yangu.

Wiki tatu zile nzima nilimwona mgongo tu, ameinamia ile meza, na mimi kwenye sinki. Baolojia alikubaliwa. Mama aliiomba karatasi ilipokwisha kazi, akaikunja, akaitia ndani ya kadi ya mgao.

Wiki iliyopita, basi, niliigeuza pale sakafuni. Wino wangu umefifia, safu zangu zimenyooka kama mistari ya kuhesabiwa. Chini ya namba nane, kwa mwandiko wa Furaha, wa haraka, unaoangukia kulia, kuna namba tisa. Baraka. Me. Ulimi: unakunjika, nimeuona mwenyewe. Na kwenye safu ya mwisho: yupo.

Baraka siku hizi anasoma shule, anaitwa jina kila asubuhi, na anajibu kwa Kiingereza hata ukimsalimia kwa Kiswahili. Nilihesabu, tisa. Nikahesabu tena.